Vikorokoro vya Kompyuta za Zamani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Nina kompyuta ya Pentium III mezani inayowaka hadi leo, na kila anayeiona huuliza jambo lile lile: "Na wewe unaye yule kondoo?" Ndiyo, ninaye: ni mnyama wa katuni anayetembea juu ya madirisha ya skrini. Haya ni majibu ya swali hilo na mengine yanayofuatana nalo.

## Mwanzo kabisa

Vikorokoro ni programu za namna gani?

Ni programu ndogo zisizo na kazi yoyote ya maana. Kuna vihifadhi skrini, wanyama wanaotembea juu ya madirisha, mishale ya kipanya inayochezacheza, sauti za kuchekesha badala ya ule mlio wa makosa, na programu za kumtisha mwenzako ofisini kwamba diski yake inafutika. Nyingi zilitoka miaka ya 1990, enzi za Windows 3.1, 95 na 98 na Macintosh zile za rangi ya maziwa yaliyochacha.

Michezo kamili siiweki humu. Ina watu wake, na ni rahisi zaidi kuipata.

Kihifadhi skrini kilikuwa kinahifadhi nini?

Kioo. Skrini nene za zamani zilikuwa na fosfori inayowaka inapopigwa na elektroni, na picha ikikaa pale pale kwa miezi iliacha kivuli kisichofutika. Picha zikitembeatembea, kioo kiliungua sawasawa pande zote. Skrini bapa nyingi za leo hazihitaji dawa hiyo, kwa hiyo ukikiweka, jua unakiweka kwa mapenzi tu.

Watu hutafuta zipi hasa?

Wanaonijia mimi hutafuta hizi.

Tosta zenye mabawa ni sehemu ya After Dark ya kampuni ya Berkeley Systems, iliyotoka kwenye Macintosh mwaka 1989 na baadaye kuhamia Windows. Tosta hizo zilifika hadi mahakamani. Mwaka 1993 kampuni ya Delrina iliuza kihifadhi skrini ambamo ndege aina ya pengwini anazitungua kwa bunduki. Berkeley Systems wakashtaki na wakashinda, na Delrina wakalazimika kuzivua tosta zao mabawa na kuzifunga mapangaboi.

Johnny Castaway ni wa mwaka 1992, kutoka Sierra na Dynamix. Jamaa amekwama kwenye kisiwa chenye mnazi mmoja. Anavua samaki, anajenga mashua, anakimbia mbio, na kisa chake kinasonga mbele kidogo kidogo kwa siku kadhaa. Kwangu mimi hicho ndicho kikorokoro bora kuliko vyote, maana kilimfanya mtu asiguse kipanya ili aone kitakachotokea.

Kondoo ni wa Kijapani, wa mwaka 1995, naye ni mchoro wa Tatsutoshi Nomura. Hutembea juu ya madirisha, huanguka, husinzia. Paka anayekimbiza kipanya anaitwa Neko, neno la Kijapani lenye maana ya paka, na ni wa zamani zaidi, tangu miaka ya 1980. Dr. Sbaitso ni "daktari" wa DOS, mfumo uliotangulia Windows, aliyekuja na kadi za sauti za Sound Blaster, akizungumza kwa sauti ya bati. Yupo pia sokwe wa zambarau, ambaye nimempa swali lake peke yake chini.

## Kutafuta

Nakumbuka sura yake, jina silikumbuki. Nianzie wapi?

Anza na jina la faili. Hapa ndipo wengi hukwama: wanaandika "kondoo wa kompyuta wa zamani" kwenye kisanduku cha kutafutia, wanaletewa picha za kondoo. Kikorokoro kimoja kilizunguka kwa majina matano, lakini faili lake lilibaki na jina moja au mawili, kwa sababu DOS iliruhusu herufi nane tu na hakuna aliyejisumbua kulibadilisha.

Kondoo wetu ni mfano mzuri. Watu humwita eSheep, Stray Sheep, Screen Mate Poo au "yule kondoo" tu. Faili lake ni SCMPOO, likiwa na 16 au 32 mwishoni kulingana na toleo la Windows. Johnny naye faili lake ni SCRANTIC, na huambatana na RESOURCE.MAP na RESOURCE.001. Tafuta SCRANTIC na utafika kisiwani kwa dakika moja.

Jina la faili nitalipata vipi sasa?

Tumia njia mbili kwa pamoja. Kwanza, ieleze programu kwa Kiingereza, ukitaja mnyama, kitendo na mwaka wa kukisia, na utazame orodha za wakusanyaji. Huko utapata jina la biashara. Pili, chukua jina hilo utafute picha za folda yake au maelezo ya jinsi ya kuisakinisha. Hapo ndipo jina la faili huonekana.

Kama una sidii au flopi za zamani nyumbani, zisome kabla ya kwenda mbali. Nimeshaona mtu akihangaika wiki mbili kwenye intaneti, kumbe programu ilikuwa kwenye sidii ya bure iliyokuja na gazeti la kompyuta, ndani ya droo.

Nikishalipata nitafute wapi?

DiscMaster ndiyo ya kwanza. Ilianza mwaka 2022 na hutafuta ndani ya sidii za zamani zilizohifadhiwa, faili kwa faili. Unaandika SCMPOO, inakuambia yumo kwenye sidii gani na folda gani. Kabla yake ilibidi ukisie sidii na kuifungua yote.

Sidii zenyewe ziko Internet Archive, maktaba ya San Francisco iliyoanzishwa mwaka 1996. Humo zimo zile za kampuni ya Walnut Creek na wengine waliokuwa wakikusanya programu za bure na kuziuza kwa shehena. Kwa mifumo yenyewe ya Windows na DOS kuna WinWorld, na kwa Macintosh kuna Macintosh Garden. Tucows, ambako wengi tulikuwa tukipakulia, walifunga upande wa programu mwaka 2021, kwa hiyo kiungo chochote cha huko kipeleke kwenye njia ya swali linalofuata.

Ukurasa wa mtengenezaji umekufa. Ndiyo basi?

Hapana. Nakili anwani yake uiweke kwenye Wayback Machine ya Internet Archive, uchague mwaka ambao programu ilikuwa hai. Mara nyingi kitufe cha kupakua bado kinafanya kazi, hasa kama faili lilikuwa dogo.

Kikikataa, weka anwani ya tovuti ikifuatwa na mkwaju na nyota. Utaletewa orodha ya kila kitu kilichowahi kuhifadhiwa kutoka hapo. Chuja kwa kuandika "zip" au "exe". Nimepata vitu vingi kwa njia hii ambavyo havikuwa na kiungo popote. Hata kurasa za GeoCities, huduma ya kurasa za watu binafsi iliyofungwa Oktoba 2009, zimo nyingi.

Nina kifurushi kidogo. Nitapakua sidii nzima ya MB 650 kwa ajili ya faili la KB 200?

Usithubutu. Internet Archive hukuwezesha kuchungulia ndani ya ZIP au taswira ya sidii (nakala ya sidii nzima katika faili moja). Kwenye orodha ya mafaili, pembeni ya jina, kuna kiungo cha kutazama yaliyomo. Bonyeza, teremka hadi kwenye faili lako, ulichukue hilo peke yake. DiscMaster pia inakupa faili moja moja.

Ninachokitafuta kilikuwa kinachezeka ndani ya kivinjari.

Basi yaelekea kilikuwa cha Flash, teknolojia ya katuni na michezo ya kivinjari iliyozimwa rasmi mwisho wa 2020. Tafuta Flashpoint, hifadhi kubwa ya vitu vya aina hiyo, au fungua faili lake la SWF kwa programu ya Ruffle.

## Kupakua bila kujiumiza

Kuna vitufe vitano vya kupakua. Kipi ndicho?

Huenda hakuna hata kimoja. Tovuti yenye kitufe kikubwa cha kijani kinachopepesa huishi kwa matangazo, na faili lako ni chambo tu. Kondoo aliwahi kuniponza mimi mwenyewe: nilibonyeza kijani, nikapata "kipakuzi" cha MB 2 kwa ajili ya programu isiyofika hata nusu ya hapo. Kondoo hakutokea. Kivinjari kikaota mistari mitatu ya vitufe ambavyo sikuviomba, na ukurasa wa kwanza ukawa wa mtu mwingine. Jioni nzima ilipotea.

Tangu siku hiyo nina kanuni moja. Kikorokoro cha mwaka 1995 hakihitaji kipakuzi. Kinakuja kama ZIP au EXE kidogo, na ukubwa wake unalingana na flopi. Faili lolote linalotaka kuleta faili jingine, lifute.

Nitahakikishaje kuwa faili ni lile lile la zamani?

Linganisha heshi, yaani mfuatano wa herufi na tarakimu unaokokotolewa kutokana na faili zima. Herufi moja ndani ya faili ikibadilika, heshi yote inabadilika. Kwenye Windows fungua dirisha la amri na uandike:

certutil -hashfile SCMPOO.ZIP SHA1

Internet Archive huonyesha heshi za mafaili yake. Ukipata nakala mbili kutoka sidii mbili tofauti za miaka ya 1990 na heshi zikafanana, lala usingizi.

Antivairasi yangu inapiga kelele. Ni virusi kweli?

Wakati mwingine hapana. Programu nyingi za zamani zilibanwa kwa njia ambazo virusi navyo vilizitumia, na antivairasi za leo hushtuka zikiona mbano huo. Programu za mzaha nazo huwekwa alama kwa sababu tu zinajifanya zinafuta diski. Lipandishe faili kwenye VirusTotal, tovuti inayolipima kwa antivairasi nyingi kwa mpigo. Antivairasi mbili tatu zisizojulikana zikilalamika kwa majina ya jumlajumla, pengine ni mbano tu. Nyingi zikitaja jina moja mahususi, achana nalo.

Kumbuka pia kwamba faili la SCR, lile la kihifadhi skrini, ni programu kamili kama EXE. Linaweza kufanya chochote. Wengi wanadhani ni picha.

Na vipo vikorokoro vilivyokuwa virusi tangu kuzaliwa. Happy99 ya mwaka 1999 ilionyesha fataki za mwaka mpya huku ikijipachika kwenye barua pepe zako. Ukitaka kuona maajabu ya virusi vya DOS bila madhara, Internet Archive ilifungua makumbusho yake mwaka 2016, vyote vikiwa vimeng'olewa meno.

Na yule sokwe wa zambarau?

BonziBuddy. Alitoka mwaka 1999, akiimba na kusimulia vichekesho, huku akileta matangazo na kubadilisha mipangilio ya kivinjari. Mwaka 2004 kampuni yake ililipa dola 75,000 kumaliza shauri la tume ya biashara ya Marekani, kwa kukusanya taarifa za watoto bila idhini ya wazazi. Najua wapo wanaompenda. Mweke ndani ya mashine pepe (kompyuta inayoigwa ndani ya kompyuta) isiyo na intaneti, wala usimweke kwenye kompyuta unayofanyia malipo.

Ni halali kupakua?

Inategemea programu. Zile za sheawea ziligawiwa kwa ruhusa ya mwenyewe: nakili, jaribu, ukipenda lipa. Hizo hazina tatizo, mradi usambaze kifurushi kizima pamoja na maelezo yake.

Zilizouzwa madukani bado zina mwenyewe, hata kama kampuni imekufa, kwa kuwa haki hununuliwa na kurithiwa. Kule Marekani kazi ya kampuni hulindwa miaka 95 tangu kutolewa, kwa hiyo Johnny atakuwa huru mwishoni mwa 2087. Kwetu pia programu za kompyuta zinalindwa, Tanzania chini ya sheria ya hakimiliki ya 1999 na Kenya chini ya ile ya 2001. "Imetelekezwa" ni neno la wakusanyaji, halimo katika sheria. Lakini kama unayo flopi halali iliyooza, hali yako ni tofauti na ya anayechoma sidii ili akauze Kariakoo.

## Kuzifikisha kwenye mashine ya zamani

Niiunganishe Windows 98 yangu na intaneti nipakue moja kwa moja?

Usifanye hivyo. Haina kinga yoyote iliyosasishwa, na hata ukijaribu hufiki mbali: vivinjari vyake havijui usimbaji ambao tovuti za leo zinadai, kwa hiyo kurasa nyingi hazifunguki. Pakua kwenye kompyuta mpya au simu, kisha ubebe.

Flashi haisomwi.

Windows 98 haina kiendeshi, yaani programu ya kutambua kifaa, cha flashi za kawaida. Kwa toleo la pili, lile la SE, kuna kiendeshi cha jumla kiitwacho NUSB, lakini hicho chenyewe inabidi ukifikishe kwa njia nyingine. Tumia sidii. Andika CD-R ya kawaida, si DVD wala CD-RW, maana lenzi nyingi za zamani hazioni hizo. Mashine ikiwa ya flopi tu, nunua kisoma flopi cha USB kwa ajili ya kompyuta mpya, na ukumbuke flopi inabeba MB 1.44 tu.

Kabla ya kuandika, fupisha majina ya mafaili yawe herufi nane na tatu. Windows 3.1 haisomi majina marefu.

Inaniambia haioni VBRUN300.DLL.

Hiyo ni maktaba ya Visual Basic 3, na vikorokoro vingi vya watu binafsi viliandikwa nayo. Itafute kwa jina hilo hilo (njia ni ile ya "Nikishalipata nitafute wapi?"), uiweke ndani ya C:\WINDOWS\SYSTEM. Kuna pia VBRUN100 na VBRUN200, na kila programu inataka ya kwake.

Inasema "Runtime error 200" na kuzima.

Kompyuta yako ni ya kasi mno. Programu iliandikwa kwa Turbo Pascal, ambayo mwanzoni hupima kasi ya mashine kwa kugawanya namba. Mashine ikiwa na kasi kupita kiasi, jibu halienei mahali lilipotengewa. Zipo dawa za kutibu faili lenyewe. La sivyo, iendeshe ndani ya DOSBox, programu inayoiga kompyuta ya DOS, na upunguze kasi.

Rangi zinakuwa za ajabu, au inagoma kabisa.

Punguza skrini iwe rangi 256. Nyingi zilitengenezwa kwa hali hiyo na hazikujua nyingine.

## Kuziendesha kwenye kompyuta mpya

Windows 11 inasema programu haiwezi kufunguka hapa.

Ni programu ya biti 16, na Windows za biti 64 hazina tena sehemu ya kuziendesha. Usihangaike na mipangilio ya uoanifu, haisaidii. Jaribu winevdm, ambayo hurudisha uwezo huo kwa programu nyingi za Windows 3.1. Au sakinisha Windows 3.1 ndani ya DOSBox, kazi ya nusu saa. Kwa Windows 95 na 98 tumia 86Box, inayoiga mashine nzima hadi kadi ya sauti.

Zile za biti 32 mara nyingi hukubali bila shida. Vivyo hivyo mishale ya kipanya ya CUR na ANI na sauti za WAV. Faili la SCR la biti 32 libofye kulia na uchague kulisakinisha.

Naweza kuzitazama kwenye simu tu?

Ndiyo. Internet Archive ina programu nyingi za DOS na Windows 3.1 zinazowaka ndani ya kivinjari. Kubofya kwa kidole kunasumbua, ila kihifadhi skrini hakihitaji kubofya. Kwa Macintosh za zamani kuna Infinite Mac, hiyo nayo ni ya kivinjari.

## Yale magumu

Nimepakua programu ya Macintosh, nimeifungua kwenye Windows, sasa haifanyi kazi.

Umeipoteza nusu. Faili la Macintosh ya zamani lilikuwa na pande mbili, data na rasilimali, na diski za Windows huhifadhi upande mmoja tu. Kwenye programu, upande uliopotea ndio wenye uhai. Pakua upya na usiguse kifurushi cha SIT wala HQX, kifungue ukiwa tayari ndani ya Macintosh au emuleta yake (programu inayoiiga), kama Mini vMac au Basilisk II.

Nina mafaili ya AD peke yake, yanafungukaje?

Hizo ni moduli za After Dark, hazisimami bila injini yake. Sakinisha After Dark yenyewe kwanza, ndipo unakili moduli kwenye folda yake.

Johnny wangu hasherehekei Krismasi.

Johnny husoma tarehe ya kompyuta, na kuna siku za mwaka zenye vituko vyake maalumu. Angalia saa ya mashine. Yangu ilikuwa inasema 1 Januari 1980 kila nikiiwasha, ishara kwamba betri ya ubao mama imekufa. Kwenye nyingi ni CR2032, ile bapa kama sarafu, hata fundi saa anayo. Kabla ya kuitoa, andika mipangilio ya diski kwenye karatasi, maana BIOS, programu inayoiwasha mashine, itasahau kila kitu.

BIOS nyingine za miaka ya 1990 hazikubali mwaka wa 2000 na kuendelea. Toa miaka 28: badala ya 2026 weka 1998. Kalenda ni ile ile, Ijumaa itabaki kuwa Ijumaa, na Johnny hatojua tofauti.